Kifungu cha Kumi na Moja

MHESHIMIWA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

DADA: Ndiyo maana umepokea.

MHESHIMIWA: Haloo? Mtandao unakwaruza. Nani?

DADA: Dada yako. Nimeazima simu ya fundi saa, jirani yangu hapa. Yangu umeiacha ilie tangu asubuhi.

MHESHIMIWA: Aa, dada. Shikamoo.

DADA: Marahaba, Mheshimiwa.

MHESHIMIWA: Uheshimiwa wa nini tena, mimi si mdogo wako? Nilikuwa kwenye kamati. Duka linaendaje?

DADA: Nimelifunga.

MHESHIMIWA: Saa tano hii ya asubuhi? Duka la dawa?

DADA: Kapteni alikuja.

MHESHIMIWA: Shemeji?

DADA: Alikuwa shemeji yako. Talaka ina miaka miwili sasa, au na hiyo inangoja kamati?

MHESHIMIWA: Alitaka nini?

DADA: Dawa ya kichwa. Nilikuwa namhesabia vidonge mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Kapteni akaingia, akasimama nyuma yake, akangoja zamu kama mteja yeyote. Adabu tupu. Zamu yake ilipofika akafungua koti, akachomoa bastola, akailaza juu ya kioo cha kaunta, pembeni ya mizani. Eti inamchoma kiunoni akisimama sana.

MHESHIMIWA: Aliielekeza kwako?

DADA: Ilitazama rafu ya dawa za kikohozi. Hilo ndilo swali lako la kwanza?

MHESHIMIWA: Hapana, nauliza kwa sababu kisheria —

DADA: Akataka kujua kama bado nalala chumba cha nyuma, na kama kitasa nimekibadilisha. Akalipa, akaomba risiti, akachukua kitu chake, akasema nisalimie nyumbani. Yule mama alipoiona tu alitoka mbio, akaacha dawa ya mtoto kwenye kaunta.

MHESHIMIWA: Pole, dada. Pole sana. Polisi umewaambia?

DADA: Nilikwenda kwa miguu yangu. Sajini wa zamu ni mtu mzima, alinisikiliza, akaandika yote. Nikamuuliza, si mmetangaza mwezi uliopita, redioni na kwenye mabango, kwamba ni marufuku kuingia na bastola dukani, hospitalini, shuleni, sokoni? Akasema ndiyo mama, ni marufuku. Halafu akafungua droo, akatoa kijitabu cha bluu cha sheria hiyo, akanisomea kifungu cha kumi na moja. Unakijua?

MHESHIMIWA: Nakijua.

DADA: Lazima ukijue, nilikusikia redioni ukikitetea. Katazo halitawahusu wafuatao. Wabunge. Mahakimu. Maofisa wastaafu wa jeshi, akina Kapteni. Wakurugenzi wa benki. Na, hapa nilimwomba sajini arudie kusoma, wajumbe wa bodi ya kiwanja cha gofu.

MHESHIMIWA: Hilo la gofu liliingizwa dakika ya mwisho.

DADA: Nani anawavamia hao? Mipira?

MHESHIMIWA: Dada, sheria haipiti kwa kuombewa dua. Bila kura za watu hao tusingepata hata hilo katazo. Unatoa kidogo, unapata —

DADA: Katazo la kumkataza nani? Huyu fundi saa amevunjiwa duka mara mbili. Aliomba kibali cha bastola, akajibiwa haja haijathibitika. Sajini mwenyewe akimaliza zamu anakabidhi silaha ghalani, anakwenda nyumbani mikono mitupu. Mmetundika chandarua kuzuia mbu, chatu mmemtandikia kitanda.

MHESHIMIWA: [anacheka kidogo] Umeanza.

DADA: Usicheke.

MHESHIMIWA: Sicheki. Haloo? Unakatika.

DADA: Nipo.

MHESHIMIWA: Nasema nitaongea naye, mtu mzima kwa mtu mzima. Yule ana hasira za kustaafu tu, hawezi —

DADA: Nilimuuliza sajini hao wastaafu wanapataje kadi za kuruhusiwa bastola. Akasema mstaafu anajaza fomu, mdhamini anayemfahamu anajaza upande wa pili, basi. Hakuna daktari, hakuna mahojiano. Nikasema, ya Kapteni naweza kuiona?

MHESHIMIWA: Faili la mtu halionyeshwi ovyo.

DADA: Hata yeye alisema hivyo. Halafu akalitoa, akaliacha wazi mezani, akaenda kutafuta kalamu. Kalamu ilikuwa mfukoni mwake.

MHESHIMIWA: Dada —

DADA: Upande wa pili una maswali manne. La tatu linasema, je, kwa ufahamu wako, mwombaji amewahi kumdhuru mtu wa nyumbani kwake? Pameandikwa "hapana". Kwa wino wa kijani. Namjua mtu mmoja tu aliyeanza kuandika kwa wino wa kijani siku alipopata cheo.

MHESHIMIWA: Haloo? Sikusikii vizu—

DADA: Unanisikia.

[Mtandao unakwaruza.]

MHESHIMIWA: Alikuja ofisini na fomu za wenzake kumi. Niliketi kutia saini tu, moja baada ya nyingine.

DADA: Swali halitiwi saini. Linajibiwa.

MHESHIMIWA: Wewe mwenyewe ulisema ulianguka bafuni.

DADA: Nilimwambia daktari. Wewe ulikuwa umesimama pembeni, umeshika viatu vyangu. Ni wewe uliyenipeleka. Kabla ya kuwasha gari ulivua tai yako ukanifunga nayo mkono, na njia nzima hukuniuliza kitu. Mtu aliyeamini angeuliza nimeangukaje.

MHESHIMIWA: Niliogopa utaniambia.

DADA: Halafu ungelazimika kufanya kitu.

MHESHIMIWA: Ndiyo.

DADA: Afadhali. Leo nimepata "ndiyo" moja kutoka kwako.

MHESHIMIWA: Wastaafu wote wa jimbo langu wanamsikiliza yeye, dada. Ningemkatalia, uchaguzi ujao nisingepata hata wa kunibandikia picha ukutani. Na nilidhani anataka kuringa tu. Wengi wanaitaka kadi ile waione watu, kama saa ya dhahabu.

DADA: Kwa hiyo mkono wangu ukapigiwa kura, ukashindwa.

MHESHIMIWA: Usiseme hivyo.

DADA: Niseme vipi? Nifundishe kibunge.

MHESHIMIWA: Unataka nifanye nini?

DADA: Sajini anasema mdhamini akiandika kwamba amejitoa, akataja na sababu, kadi inasimamishwa siku hiyo hiyo na bastola inachukuliwa. Nayo imo kwenye kijitabu. Ni kifungu cha kumi na nne, kile ambacho redioni ulikiruka.

MHESHIMIWA: Nipe mpaka Ijumaa. Alhamisi kuna —

DADA: Anajua chumba ninacholala.

MHESHIMIWA: Unaelewa unachoniomba? Nikiandika sababu, nimekiri kwamba nilidanganya kwenye fomu ya serikali. Hilo ni kosa. Kiti changu kinaweza kwenda.

DADA: Kinaweza.

MHESHIMIWA: Hata pole hunipi.

DADA: Mkono huu wa kushoto hauinui ndoo mpaka leo. Pole zangu ziliishia hapo.

[Mtu anapiga hodi upande wa Mheshimiwa. Sauti yake inasogea mbali na simu: "Waambie waendelee bila mimi. Hapana, sirudi." Kisha inarudi.]

MHESHIMIWA: Niandike nini?

DADA: Pale ulipoandika hapana, andika ndiyo. Mengine sajini atakuelekeza, anamaliza zamu saa nane.

MHESHIMIWA: Sawa. Nakuja. Nakupitia kwanza, tunakwenda pamoja. Nitaegesha kule nyuma, kwenye —

DADA: Njoo mlango wa mbele. Mwizi ndiye anayepita nyuma.

MHESHIMIWA: Wa mbele, sawa.

DADA: Na dereva mwache hukohuko. Na hiyo ya kiunoni.

MHESHIMIWA: Ipi?

DADA: Wabunge si ndio wa kwanza kwenye orodha?

MHESHIMIWA: Dada, mimi ni ndugu yako. Na Kapteni akirudi wakati tupo pale? Angalau mmoja wetu awe na —

DADA: Akirudi atukute wawili, tena mchana, na mlango uko wazi. Lakini bastola haiingii dukani kwangu, iwe yake, iwe yako.

MHESHIMIWA: Mimi nimeruhusiwa.

DADA: Na sheria.

MHESHIMIWA: Eti?

DADA: Sheria ndiyo iliyokuruhusu. Mimi bado. Fundi saa ananionyesha salio lake linaisha, sema upesi, unakuja vipi?

MHESHIMIWA: Nakuja mikono mitupu. Ngoja, naivua. Nimeiweka kabatini, nimefunga. Dada? Nimefunga na ufunguo. Haloo? Umenisikia? Haloo?