Marehemu Asenath Nabiswa, Aliyeotesha Mnavu Mikebeni

Mchungaji, jamaa, majirani wa Kaloleni na Buruburu, mimi ni kaka mkubwa wa marehemu, familia imenipa kazi hii ambayo sikuiomba, na nikikwama mahali mnivumilie.

Dada yetu Asenath alizaliwa tarehe 14 Februari 1955, hapa Kaloleni, binti pekee wa Mzee Javan Andati, fundi wa reli, na Mama Roseline, ambaye tuko naye hapa mbele. Alisoma shule ya msingi papa hapa mtaani, akaenda sekondari ya bweni kule Kakamega, ambako akiwa kidato cha pili aliugua homa iliyomwachia moyo dhaifu, lakini alimaliza kidato cha sita mwaka 1974, akaingia chuo kikuu hapa Nairobi, na mwaka 1978 akapata shahada ya sayansi, Mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Alifundisha baiolojia Machakos na baadaye hapa mjini, tarehe 9 Agosti 1980 akafunga ndoa na Bwana Nabiswa, karani wa serikali, wakahamia Buruburu, na tarehe 2 Mei 1982 Mungu akawajalia binti yao, Mirriam.

Oktoba 1983 alirudi chuoni kwa shahada ya uzamili ya kuainisha mimea, yaani kujua mmea huu ni wa aina gani na ndugu zake ni wepi, na mmea aliouchagua, msicheke, ni mnavu, ile mboga ambayo wengine mnaiita managu na sisi lisutsa. Nilimtania kwamba amesoma kote huko ili arudi kutazama mboga, akanijibu kwamba hicho tunachokiona kitu kimoja si kimoja, na kwamba kando ya mto kule Kimilili amepata aina ambayo haimo katika vitabu. Ili athibitishe, ilimbidi aioteshe pamoja na aina nyingine katika udongo mmoja, aone kama tofauti zitabaki mpaka matunda yaive, basi akapanga mikebe nyuma ya nyumba.

Mwaka jana, 1984, mvua ilikosa, soko la Jericho likawa halina jani, na mwezi wa Agosti Mama alipomtembelea aliona mnavu ule mbichi umesitawi, akashukuru Mungu, akauchuma wote akaupika. Asenath alitoka chuoni akaikuta mboga mezani, akala, akaomba aongezewe. Ilibidi asafiri tena Kimilili kutafuta mbegu, akaanza upya Novemba, na sisi nyumbani tulidhani masomo yenyewe ndiyo marefu.

Januari mwaka huu alianza kukosa pumzi, akalazwa, na mimea ilipotoa maua, Bwana Thuo, mwanafunzi mwenzake, alimpelekea tawi wodini, akalishika siku nzima. Alituacha Jumamosi, tarehe 9 Machi 1985, matunda yakiwa bado ya kijani, tasnifu yake haijakamilika.

Habari ya mikebe tumeijua Jumatano hii, Thuo alipoitaja kwenye maombi akidhani tunaijua. Tangu hapo Mama hajala. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami siwezi kukuondolea, Mama, ila daktari amesema ni moyo, na mbele ya watu hawa nasema si mboga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, walimu na wanafunzi wenzake, nawe Thuo, usijilaumu, endelea kuimwagilia ile mikebe.

Asenath, Mama hawezi kusimama, amenituma nikuambie hivi, kwamba ungemwambia tu siku ile, mngekula ugali na chumvi. Pumzika, dada yangu, kwa amani ya Bwana.