Vidato 17,082 vya Mama Hifadhi

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka 22 na miezi minne kazini, fundi wetu wa kompyuta anastaafu. Sisi wa meza 63 tunaotumia seva moja, yaani kompyuta kuu ya pamoja, tulimwita Mama Hifadhi, na jina hilo alilipata kwa miguu yake.

Alianza kwa kosa. Seva ilipoletwa, aliweka programu ya barua kama anavyoweka kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Akaijaribu, ikafunguka, akatangaza kazi imekwisha. Kesho yake ilimfungukia mtu mmoja tu: yeye. Sisi wengine tukabaki kukodolea skrini macho. Hakutafuta mchawi. Alijifunza kwamba kwenye seva ya pamoja watu wote watoke kwanza kwenye seva, kisha iambiwe programu ni ya kila mtumiaji, ndipo iwekwe. Cha wote, akawa akisema, hakiwekwi kama cha mtu.

Mwaka uliofuata alituma ujumbe kwenye skrini: hifadhini kazi, mtoke. Mimi, karani wa stoo, nilikuwa ghalani nahesabu mabomba. Seva ikazimwa, na mistari 1,412 ya orodha ya vipuri, jasho la siku tatu, ikaenda nayo. Mama alikuja, akaketi juu ya kreti, akanisomea kadi za vipuri moja moja nikiandika upya. Siku mbili. Aliniambia tu kwamba ujumbe hauna macho ya kuona kiti kitupu.

Tangu hapo, kila mara kabla ya kuweka programu, alipita meza zote kwa miguu, ghorofa nne bila lifti. Hifadhini wanangu, mtoke. Dereva wetu alisema huyu ndiye mtu pekee anayemtoa mkurugenzi kazini na mkurugenzi akashukuru.

Nimepiga hesabu. Programu 219, vidato 78 vya ngazi kila mzunguko: vidato 17,082, kupanda tu. Barua za kuomba msaidizi, tisa. Majibu, hakuna. Magoti ndiyo yaliyojibu, ndiyo maana anaondoka miaka mitatu kabla ya wakati wake. Nafasi yake haitajazwa. Tumeambiwa ujumbe wa skrini utatosha. Hautoshi. Muulizeni karani wa stoo.

Ijumaa iliyopita tulimsikia akipanda, akipumzika kila baada ya vidato vichache. Alipofika mlangoni kwetu, kabla hajafungua mdomo, sote tulikuwa tumeshahifadhi na kutoka. Alizitazama skrini zetu tupu, akacheka, kisha akashika ukingo wa mlango.

Hakuwa na programu ya kuweka. Alikuja kuaga.

Asante, Mama. Tunakutakia nyumba isiyo na ngazi, na afya ya kuifaidi. Kaa, upumzike. Safari hii ni zamu yetu kukufuata wewe ulipo.