Magdalena Nashilu, Aliyesikiliza Watu wa Mlimani

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Akheri, na ninyi mliotembea tangu jana kutoka upande wa Waarusha, mimi ni Nathanaeli, mdogo wake marehemu kwa baba na mama, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu Magdalena Nashilu, nami nasoma kwa Kiswahili ili kila aliyefika asikie.

Marehemu alizaliwa hapa Akheri mlimani, tarehe haikuandikwa, ila mama yetu alihesabu kuwa ilikuwa msimu wa kuvuna ulezi, miaka saba kabla ugonjwa wa sotoka haujamaliza ng'ombe, yaani mwaka 1884, akiwa wa kwanza kati yetu wawili. Mwaka 1898, wakati wa njaa kubwa, baba alifariki, na mama akaacha kusema kabisa, akawa anakaa mlangoni haitikii hata salamu, watu wakasema huyu naye amekwisha. Nashilu, akiwa na miaka kumi na minne, alikaa kando yake kila siku akisuka kikapu, hakumhimiza wala hakumlilia, mpaka miezi mitatu ilipopita na mama akasema, "Baba yenu aliona baridi asubuhi ile, na mimi sikumfunika," naye akajibu, "Ndiyo mama, endelea," na mama akaendelea hadi jua likazama. Mimi nilikuwepo, na tangu siku ile mama alianza kula.

Masomo ya kusoma na kuandika aliyapata misheni kuanzia mwaka 1904 hadi 1907, akabatizwa siku ya Pentekoste, tarehe 7 Juni 1908, akachagua mwenyewe jina la Magdalena. Mwaka huo huo aliajiriwa zahanati kuosha na kufunga vidonda, kazi aliyoifanya vizuri, lakini alianza kuwaona watu waliorudi kila wiki na tumbo au kichwa ambacho dawa haikukigusa, akawa anaketi nao nje baada ya kazi, na wengi wao hawakurudi tena kuomba dawa. Mwezi wa Januari 1910 aliaga zahanati kwa heshima, akaanza kuwapokea watu nyumbani kwake.

Kazi yake wengi hamkuijua vizuri, kwa kuwa hakuitangaza, basi nitaieleza. Hakupiga ramli, hakutoa dawa, na mwenye homa alimrudisha kwa daktari siku hiyo hiyo. Alimpokea mtu mmoja mmoja, kila mtu na siku yake, wakakaa ubavu kwa ubavu wakipukuchua maharage, kwa sababu alisema mtu husema vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi na macho hayatazamwi, na kivuli cha migomba kilipofika kizingitini, walisimama, wakaagana hadi wiki ifuatayo. Alijifunza Kimaasai kwa miaka miwili ili Waarusha waseme naye kwa lugha wanayoota nayo. Hakufanikiwa kwa wote, alikuwapo mama mmoja ambaye hakuweza kumwokoa, akafa, na kwa huyo dada yangu alilia hadharani bila aibu.

Mwaka 1911 alikuwa akimpokea Loishiye, Mwarusha aliyekuwa hapati usingizi tangu mdogo wake afe maji. Mwezi wa Septemba ghala la mahindi la jirani liliungua, Loishiye alikuwa ameonekana akizunguka peke yake siku hiyo, akashukiwa, na wazee wa mtaa wakamwita dada yangu barazani. Mzee mmoja alimwambia, "Binti yetu, sema tu alichokuambia, nasi tutakuacha." Nashilu alisimama akajibu, "Shikamooni wazee wangu. Aliyoyasema ni yake, mwulizeni mwenyewe. Mimi nilipewa nisikie, sikupewa nigawe." Walikataza watu wasiende kwake, na kwa miezi mitano hakuna aliyefika, hata sisi ndugu tulimsihi aseme japo neno moja, naye akatukatalia, akaenda kulima.

Tarehe 12 Februari 1912 Loishiye, aliyekuwa amepata habari kwamba dada yangu anateseka kwa ajili yake, alikuja mwenyewe barazani, akasema mbele ya watu wote, "Tulikuwa tunavuka mto Nduruma wakati wa mafuriko, mimi nilimshika mdogo wangu mkono, nikaogopa, nikamwachia. Siku ya moto nilikuwa pale mtoni, kama kila siku. Hilo ndilo nililomwambia Nashilu, hakuna lingine." Ndipo mke wa mwenye ghala akakiri kwamba alimwaga majivu yenye makaa nyuma ya ghala akanyamaza kwa hofu. Wiki iliyofuata mlango wa dada yangu ulikuwa na watu tisa, na wa kwanza alikuwa yule mzee wa barazani.

Kwa ndoa, marehemu aliolewa na Bwana Sumari mwaka 1901, wakaishi kwa kuheshimiana, wakajaliwa watoto wawili, Hanna, aliyezaliwa tarehe 12 Februari 1904, na Elia, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1907. Alipenda kahawa yake, miche arobaini aliyoipanda kwa mkono, alipenda kuimba kanisani kwa sauti kubwa isiyofuata wimbo, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mwezi wa Aprili mwaka huu wa 1914 alinyeshewa akitoka kumtembelea mgonjwa, akapata homa ya mapafu, akatibiwa kwa majuma manne, na Jumapili tarehe 17 Mei, saa tatu asubuhi, akafariki akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliomhangaikia, wenzake wa zahanati walioleta maziwa kila siku, na majirani waliochimba kaburi mvua ikinyesha. Na wapo watu ambao wiki hii walikuwa na siku zao kwake, hatuwajui, maana hakututajia hata mmoja, lakini tunajua mmesimama hapa kati yetu, poleni sana, nanyi ni wafiwa, msiondoke kabla ya kula nasi.

Nashilu, dada yangu, umefanya kazi yako, sasa pumzika, na amani ya Bwana ikae nawe.