Mita ya Tumbo la Manang Nila

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Bi Leonila Pabalinas anastaafu baada ya kuitumikia Ofisi ya Maji ya San Calixto kwa miaka thelathini na mitatu. Sisi wadogo zake kazini tunamwita Manang Nila, yaani dada mkubwa. Wanaomzidi umri nao humwita hivyo hivyo, kwa sababu hawathubutu kumwita vingine.

Alianza kazi mwaka 1991 akiwa msoma mita, na anaondoka akiwa msoma mita. Mara mbili alipewa kiti cha dirisha la malipo, mara mbili akakirudisha. Anapenda kutembea. Njia yake inaanzia nyuma ya kanisa, inakata mashamba ya mpunga na kuishia kwenye kiwanda cha barafu, na hakuna mbwa njiani humo asiyemfahamu. Yuko mmoja aliyemng'ata mwaka ule wa kwanza. Vitukuu wa mbwa huyo sasa humsindikiza. Mwaka wa ukame, wateja walipotujia juu, yeye ndiye aliyesukumwa nje akazungumze nao. Baada ya muda tukasikia vicheko kibarazani, na maji bado hayajatoka.

Lakini tukiishia kwenye mita tutakuwa tumeficha nusu ya mtu. Habari za Manang Nila na chakula ni ndefu, na nimeombwa kuziandika mimi, fundi bomba, eti kwa kuwa nakula kuliko wote.

Mnaijua adabu yetu ya kipande cha mwisho. Saa nne bibingka, keki yetu ya mchele, inaletwa ya moto, inanukia tui, mikono inapishana, halafu kinabaki kipande kimoja na ghafla kila mtu ameshiba. Atakayekichukua ataonekana mlafi. Kinakaa, kinapoa, mpaka sisimizi wanakitolea uamuzi. Kwa miaka mingi Manang ndiye aliyekuwa akituokoa. "Nyie na haya zenu za bure," alikuwa akisema. "Mimi zangu nilizisahau kwa mkunga." Kipande kinakwenda. Mara nyingi hakuwa na njaa hata kidogo, alikuwa akitusitiri.

Mwaka 2012 kisukari kikabisha hodi. Manang si mtu wa nusunusu, akaapa kutogusa wali tena. Mtu wa Iloilo, mkoa wetu wa mpunga, bila wali! Mchana alikuwa akikaa mbele ya majani ya kuchemsha, akiyatazama kama mteja anayetazama bili ya jirani. Akawa mkali, hata mbwa wakaanza kumkwepa.

Hapo ndipo Tiyo Dulo, mtunza ghala wetu, alipotoa shauri lake. Tuwe tunakula ghalani, nyuma ya mabomba, Manang asije akatamani. Nia ilikuwa safi na sote tukaifuata. Lakini kwetu anayekula humkaribisha kila apitaye, awe mgeni au mgomvi wake. Anayepitwa na neno 'karibu' ni marehemu peke yake.

Siku ya kuzaliwa ya Dulo, harufu ya tambi za pansit ikamvuta Manang mpaka ghalani. Akasimama mlangoni akatutazama mmoja mmoja.

"Mmeshanizika?"

"Manang, tunakulinda tu," Dulo akasema, tambi zinaning'inia mdomoni.

"Unanilinda na nini, Dulo? 'Karibu' nayo ina sukari?"

Akavuta sanduku, akakaa, akala bibingka yote iliyokuwa sahanini. Ikawa ndiyo desturi yake: asubuhi anajinyima, mchana anakula kwa hasira, jioni anajilaumu. Sukari ikapanda, na lengelenge dogo la kiatu kwenye kidole cha mguu likageuka kidonda kisichotaka kupona.

Hapo utani ukaisha. Daktari alimwambia waziwazi kwamba kidole kinaweza kukatwa, na uozo ukipanda, mguu utafuata. Meneja wetu, Injinia Salvilla, alimwita akamwambia, "Manang, nakupa miezi mitatu upumzike. Kidonda kisipofunga, unakaa dirishani, na safari hii sikuulizi." Manang alitoka ofisini humo akaenda kulia ghalani, begani kwa Dulo yuleyule. Kwake kunyang'anywa ile njia kulikuwa sawa na kunyang'anywa mguu.

Kwenye kituo cha afya alikutana na mtaalamu wa lishe, Jovelyn Sumagaysay, binti wa umri wa kitindamimba wake. Manang alikwenda akiwa amejiandaa kukaripiwa. Akaanza kutaja wali na vitumbua kama anayetubu kwa padri. Binti akamkatiza.

"Manang, sijakuuliza ulikula nini. Ulipokula, ulikuwa na njaa?"

"Nilikuwa na hasira."

"Na hasira ikaisha?"

"Iliyoisha ni bibingka."

Wakacheka wote wawili, na hapo ndipo safari ilipoanza. Jovelyn hakumruhusu kuacha dawa wala kuruka mlo. Alimwambia kujinyima huku anameza vidonge kunaweza kumwangusha njiani. Ila hakuna chakula kilichoitwa adui. Akae, aulize mwili, aanze na samaki na mboga, apakue wali anaoutaka kweli, na aache ulimi unapoacha kusifu. Baadaye apime sukari, aone mwili umejibu nini.

Manang alirudi kutusalimia akiwa na uso mwingine. "Kumbe tumbo lina mita!" alitangaza. "Na mita haigombezi mtu. Unaisoma, basi."

Tangu siku hiyo, kabla ya kula, hugonga tumbo kwa kidole kama anavyogonga kioo cha mita chenye ukungu, kisha hutusomea. "Njaa ya kweli, pakueni." Au, "Huu ni uchovu, nipeni kiti." Au, "Huu ni umbea tu, nani ana habari?" Hakusoma sawasawa kila siku. Kuna mchana alitetemeka juani akadhani ni joto, kumbe sukari imeshuka, akaokolewa na soda ya dukani. Toka hapo msimamo wake ni mmoja: "Nina mita mbili. Zikipishana, naamini ya damu."

Kidonda kilifunga kabla ya ile miezi mitatu kuisha, na kidole kipo. Asubuhi aliyorudi kwenye njia yake, mbwa walimpokea kuanzia kanisani. Saa nne ikaja bibingka, kikabaki kipande cha mwisho, na ofisi nzima ikamgeukia kwa mazoea. Manang akagonga tumbo.

"Nimeshiba," akasema. "Leo jiteteeni wenyewe."

Injinia akajifanya anatafuta kalamu. Mwishowe Dulo akanyoosha mkono, masikio yamemwiva, akakila mbele yetu sote, wala paa halikutuangukia.

Leo mezani pana pansit ndefu, na bibingka ameoka Dulo mwenyewe. Tumekubaliana kwamba hakuna atakayechungulia sahani ya Manang, si kwa huruma wala kwa ulinzi. Kitakapobaki kipande cha mwisho, tutamwambia kwa sauti moja lile neno tulilomnyima kule ghalani: karibu. Akigonga tumbo akakila, tutashangilia. Akikiacha, Dulo yuko tayari.

Asante, Manang, kwa maji, kwa vicheko, na kwa kutufundisha kukaribisha bila kuamua badala ya mwenye tumbo. Kesho njia ile ni yako bila mita wala saa, na utaipita kwa miguu yako miwili. Tunakutakia njaa njema, na shibe inayofika kwa wakati wake.