Rasimu Kumi na Tisa na Barua Moja

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, katibu muhtasi wa Kitengo chetu cha Sera ya Kudhibiti Ulevi na Dawa za Kulevya anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Wote tulizoea kumwita Bi Rasimu. Sera aliyoajiriwa kuichapa haistaafu naye, kwa kuwa bado haijazaliwa.

Alianza kazi rasimu ikiwa ya kwanza, anaondoka ikiwa ya kumi na tisa. Msidhani tulikuwa tumelala. Kila mkurugenzi mpya aliirudisha mezani ili aandike dibaji yake, kila dibaji ilidai semina, na kila semina ilidai hoteli yenye bwawa la kuogelea. Sura ya pombe peke yake tumeipitisha mara sita, na mara zote sita tulijipongeza kwa kugonganisha glasi. Haraka haraka haina baraka, nasi kwa baraka tumejaliwa kwelikweli.

Mafanikio yapo, jamani. Lipo lile bango kubwa la kukemea ulevi, lenye taa, tulilolisimamisha mkabala na baa ya mtaa wa nyuma. Mwenye baa alifika ofisini mwenyewe na barua ya shukrani: wateja wake walikuwa wakijikwaa mlangoni, sasa wanaona njia. Bi Rasimu aliipokea, akaigonga mhuri na kuiweka kwenye faili la maoni ya wadau. Mpaka leo iko humo peke yake.

Kifungu kimoja tu cha rasimu kiliwahi kutumika kabla ya wakati wake, nacho ni kile cha kumfukuza mtumishi anayekutwa amelewa kazini. Sura ya matibabu, kama mnavyojua, itaandikwa baadaye. Miaka kumi na miwili iliyopita, tarishi wa ofisi alikutwa amelala stoo, kichwa kikiwa juu ya bunda la vipeperushi vya kukataza pombe. Mkurugenzi wa wakati huo akaamuru barua ya kumfukuza ichapwe mara moja. Tarishi huyo alikuwa na mke, watoto watatu, na mikono iliyotetemeka hata kwa uzito wa bahasha. Ndiye mimi ninayeandika haya.

Barua ilichapwa. Mkurugenzi alipoiulizia, Bi Rasimu alimjibu kwa adabu zote kwamba bado inasubiri maoni ya wadau. Nani abishane na utaratibu aliouweka mwenyewe? Wiki iliyofuata namba ya kumbukumbu ilikuwa na kasoro. Kisha ikahitaji kupitiwa upya. Huku barua ikipitiwa, yeye alinisindikiza kwa miguu kila asubuhi hadi zahanati kabla ya saa za kazi, akakaa kwenye benchi akifuma sweta ya mjukuu na kunisema kama dada mkubwa: mdogo wangu, siku ukiacha kuja hapa, na mimi naacha kuichelewesha. Nilianguka mara mbili. Niliona aibu hata ya kumtazama. Mara zote mbili barua ilirudishwa kwa marekebisho, na asubuhi yake alikuwa mlangoni kwangu. Huu ni mwaka wa kumi na moja sijagusa tone.

Jumatatu ninakalia meza yake, kwani hata kuchapa alinifundisha yeye. Kwenye makabidhiano alinipa funguo, mhuri, rasimu ya kumi na tisa, na bahasha moja ya kaki. Ndani yake mlikuwa na barua yangu, imejaa wino mwekundu wa miaka yote hiyo, bila saini.

Asante, dada. Nenda ukale pensheni yako kwa raha, magoti yapumzike, na chai yako usiiache tena ipoe kwa ajili ya walevi. Kuhusu ile barua usiwe na wasiwasi. Jana wadau, yaani mke wangu na wanangu watatu, walikutana sebuleni na hatimaye wakatoa maoni: isainiwe siku ileile sera itakapopitishwa.