Baiskeli Iliyokwisha Kukaliwa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu chini ya ukuta wa duka la misumari na rangi, jiko la mkaa, birika la kahawa, na vikombe vinavyosuuzwa kwenye ndoo ileile tangu asubuhi. Ukitafuta ukweli pale utakesha. Ukitafuta maneno, sogea tu upewe nafasi. Jioni hiyo fundi cherehani wanayemwita Pindo alifika akikokota baiskeli mpya, kiti bado kimevikwa nailoni, akaiegemeza ukutani polepole kama anayelaza mtoto. Tangu amzike mkewe alikuwa akipita hapo kwa salamu ya mkono tu. Leo alikaa.

— Jamani, nitazamieni hii. Imeshapandwa na watu au haijapandwa?

Wakili aliweka kikombe chini. Huyu hajawahi kukanyaga mahakamani, ila akishika neno haliachi.

— Umenunua wapi?

— Pale kona ya soko. Muuzaji kasema mpya. Lakini nimeona watu wanaingia, wanajaribu, wanazunguka uwanja, wanarudisha. Nikimwuliza kama na hii ilijaribiwa, anacheka tu.

— Ameshakuuza! Mwenye haki yake hacheki.

— Kasema kama sijaridhika niirudishe kabla hajafunga duka.

— Basi irudishe! Unangoja nini?

Pindo aliinama kuipapasa nailoni ya kiti. Wenzake walidhani anaogopa kupigwa changa la macho. Wapi! Mwenzao alikuwa anamwomba Mungu iwe imepandwa. Mkewe, muuguzi wa zahanati, ndiye aliyekuwa dereva wa nyumba ile: kila asubuhi alimpakia mumewe kwenye keria, akamshusha kibandani, kisha akaenda zake kazini, na mtaa ukacheka mpaka ukachoka wenyewe. Alipofariki, kaka zake walikuja kuchukua baiskeli yao. Tangu hapo hakuna mkono mwingine unaogusa kitu mle ndani. Kikombe anachokiacha mezani asubuhi, jioni anakikuta palepale, sikio limeelekea kulekule. Pindo aliona akiingiza tena kitu kisichoguswa na mtu atapata wazimu.

— Hebu nipisheni, alisema Injini, fundi wa pikipiki, akichuchumaa na mikono yake ya grisi. Tairi jipya huwa na vinywele vya mpira. Oneni hapa, upara mtupu!

— Si umeona? Wakili aliruka. Hiyo imezunguka uwanja mpaka uwanja ukaomba poo.

— Tena aliyeipanda ni mtu mmoja, alisema Injini. Nawajua hawa. Ana kitambi, kaambiwa na daktari afanye mazoezi, baiskeli hanunui ng'o. Kila asubuhi anakwenda kujaribu. Huyo kapungua tumbo lote juu ya hii, wewe ndiye unalipia!

— Mtu mmoja? alisema Wakili. Acha masihara. Angalia pedali ilivyolika upande. Usiku mwenye duka anaikodisha kwa wasambaza mikate. Asubuhi anafuta unga, anavisha nailoni.

— Unga uko wapi?

— Si nimekwambia anaufuta!

Mama Kahawa, aliyekuwa akipuliza mkaa, akadakia:

— Mie naona mmeikosa wote. Hii wamejifunzia maharusi. Siku hizi bwana na bibi wanataka picha juu ya baiskeli, hawajui hata breki. Wameanguka nayo weee, mpaka wakaoana.

Benchi zima lilipasuka kicheko, na Pindo akajikuta naye anacheka. Sauti yake ilimshtua mwenyewe, kwa jinsi alivyokuwa hajaisikia.

— Sikilizeni, alisema Wakili. Ushahidi wa macho hautoshi. Baiskeli iliyopandwa hujulikana kwa kuipanda.

— Tukiipanda si itakuwa imepandwa?

— Injini, wewe nawe! Sisi hatuipandi. Sisi tunachunguza.

Akakunja suruali, akachunguza mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Kiti kinamjua mtu, akasema, kimeshabonyea. Injini akapinga, naye akachunguza, akarudi na alama za grisi kwenye usukani. Mama Kahawa akajifunga kanga vizuri, akachunguza akipiga kengele njia nzima, watu wakimpisha. Nailoni ikachanika, ikapeperuka. Kila aliyerudi alikuja na hadithi kubwa kuliko ya mwenzake, na kila hadithi ilimtaja Pindo: Pindo kaonewa, Pindo tumwambie, Pindo sogea. Alikuwa na raha, asiseme uongo mtu. Kule kona ya soko duka lilishafungwa, na hakuna aliyekumbuka.

Fundi rangi mmoja, mgeni mtaani, alikuwa amesimama na ngazi yake begani, kikombe mkononi, akiwatazama wanavyopokezana.

— Samahani, ndugu zangu. Huyu mwenyewe mbona hapandi?

Wakili alikunjua suruali yake. Injini akaanza kufuta mikono ambayo haifutiki. Wote walikuwa wameiona ile keria ikipita hapo kila asubuhi, na aliyekuwa amekaa juu yake, na aliyekuwa mbele yake.

— Sijui kuendesha, alisema Pindo. Niliendeshwa.

Mama Kahawa aliinua birika, akalitikisa, likatoa mashapo ya kahawa tu.

— Imekwisha, alisema kwa sauti ndogo. Twendeni tukalale.

Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu na kwake anakosubiriwa. Wakili alimgusa bega akapita. Fundi rangi alirudisha kikombe, akaomba radhi asijue ya nini.

Pindo alishika usukani kukokota. Mkono mwingine aliuweka juu ya kiti, akakuta bado kina joto la Mama Kahawa. Akausahau hapo kidogo. Kisha akakaza mwendo, karibu kukimbia, afike na joto lile ndani kabla halijapoa.