Kiu ya Mwinyihaji

Basi la Msambweni lilitoka Likoni adhuhuri, na joto lilitulevya sote usingizi. Mbele yangu, msichana mwenye makovu ya ndui usoni alikuwa akimsimulia bibi asiyemjua, taratibu, kama mtu anayekumbuka ndoto. Nilijifanya nimelala, maana aliyelala basini hafichwi kitu.

"Mwaka juzi, bendera ya uhuru ilipopandishwa, niliugua pamoja na kaka yangu Mwinyihaji. Tulilazwa chumba kimoja. Yeye alikuwa na maradhi ya akili tangu zamani. Alisema na watu tusiowaona, na kila siku aliona moto."

"Pole, mwanangu."

"Ndui ikatushuka kooni. Mimi sauti ilikauka, nikaonyesha mdomo kwa kidole, nikapewa maji. Yeye alisema, 'Moto umeingia kooni.' Mama na jamaa wakambembeleza, 'Hakuna moto, Mwinyihaji, lala.' Nami sikuweza kutamka kwamba safari hii moto upo. Nilimsikia akiutaja moto huo, mpaka akanyamaza."

"Siku yake ilifika," alisema bibi. "Ndui haitazami nani mzima wa akili."

"Mimi nilikuwa mgonjwa kuliko yeye, bibi. Nami ndiye niliyepona."

"Mungu ndiye ajuaye."

"Ndiye. Lakini mama yangu, tangu siku ile, mwenye wazimu yeyote akipita mlangoni petu humpa maji kwanza, kabla hajasema neno."

Bibi alifungua kinywa kumjibu, lakini basi lilikuwa limesimama Waa, na msichana alikuwa ameshashuka.